Kifungu cha Makosa

Fomu ina kurasa kumi na sita.
Ukurasa wa tisa unauliza bei ya kila kitu:
nauli, karatasi, kinasa sauti, betri za kinasa sauti,
posho ya msaidizi, chai ya wahojiwa
(isizidi asilimia mbili).
Swali la utafiti nimeliandika kwa wino mweusi:
Mkono hujuaje?

Maana nimemwona Holo, Mwaloni Kirumba,
saa kumi na mbili asubuhi, aproni ya plastiki, buti za mwanawe,
akipenyeza vidole viwili tumboni mwa sangara
na kulitoa bondo zima, jeupe, likitetemeka,
kama mtu atoaye barua kwenye bahasha
na bahasha isijue.
Akaliweka kiganjani. "Gramu mia na kumi."
Mzani ukasema mia na kumi na mbili.
"Mzani umelowa," akasema Holo.

Nikamuuliza, unajuaje?
Akanitazama kana kwamba nimeuliza
goti lake linaijuaje ngazi.
Nikauliza tena, kinasa sauti kikiwaka.
Kilinasa korongo wakigombea matumbo,
kilinasa injini ya boti ya Ukerewe,
kilinasa Holo akinyamaza dakika nne.
Nimezinukuu zote nne.

Kisha akasema, "Shika kisu."

La kwanza nililichana katikati.
La pili lilitoka na damu na nusu ya ini.
La tatu, Limi wa meza ya pili aligeuka
asinicheke usoni.
Bondo likichanika, bei yake huanguka;
mnunuzi haulizi nani alikuwa anajifunza.
Wiki. Mwezi. Vidole vikanuka hadi maktaba ya Nyegezi.
Msimamizi wangu alifungua dirisha,
akanishauri nipunguze ushiriki, niongeze nadharia.

Barua ya wafadhili ilikuja siku ya mvua.
Swali zuri, walisema. Ila
matokeo hayapimiki,
na mwombaji hajaonyesha umahiri wa kutosha
katika uwanja wa umahiri.
Niliisoma nimesimama kati ya kreti za barafu,
simu mkono wa kushoto, wa kulia bado kazini,
na huo wa kulia, bila kuniuliza,
ukatoa bondo zima.
"Tisini na tano," nikasema.
Mzani: tisini na sita.
Holo hakupiga makofi. Alinisogezea kreti nyingine.

Usiku nilijaribu kuandika kilichotokea.
Kidole kilihisi... nikafuta.
Utando wa ndani ulikuwa... nikafuta.
Nilikuwa nimehamia ng'ambo ya swali langu
na kalamu nimeisahau upande ule.

Jumamosi akafungua daftari lake la mikopo,
lenye picha ya twiga jaladani.
Nyuma kabisa, baada ya madeni ya sabuni na mafuta ya taa,
kulikuwa na majina:
Limi, kumi na tisa.
Bahebe, ishirini na sita, akaacha.
Nyanzala, manane tu; yule alizaliwa na kisu.
Na mimi, kwa jina alilonibatiza, Mtu wa Maswali:
thelathini na saba.

"Ni nini hivi?"
"Uliyoyachana. Mwenye samaki nilimlipa yote."
"Mbona hukuniambia?"
"Ungekiogopa kisu. Mwoga huchana zaidi.
Mimi niliyachana hamsini na mawili.
Mama mdogo alilipa kwa mbuzi."

Nilipiga hesabu nikipanda mawe ya Kitangiri,
nikapumzika mara mbili, ya pili si kwa uchovu.
Thelathini na saba. Yalizidi posho ya msaidizi.
Yalizidi kinasa sauti na betri zake.
Na mtu huyu hakuwa ameniomba
hata muhtasari wa maneno mia tatu.

Sasa iko fomu nyingine mezani, mwisho Ijumaa.
Ukurasa wa tisa. Nauli. Karatasi. Chai.
Kifungu cha makosa hakuna,
basi nimechora mstari mwenyewe, kwa rula:

Mabondo yaliyochanika: 37.
Mfadhili: Holo Ng'wandu.

Wakitaka risiti, waje Mwaloni.
Waje mapema, barafu haijayeyuka.
Na waje na buti.