Upande wa Kulia

Bi Ollerenshaw afungua gazeti mezani pangu,
soko la Jumamosi, Sheffield, mvua ikitwanga turubai.
Kijiko. "Cha mama," asema. "Fedha tupu."

Naweka lenzi jichoni. Namtafuta simba anayetembea,
herufi ya mwaka, taji la mji huu.
Simba hayupo.
Zipo herufi nne, kila moja ndani ya kijumba chake,
zimejipanga kama wageni wa harusi mbele ya kamera:
chapa ya kiwanda. Fedha ya kuchovya.

Simwambii bado. Nakigeuza.
Ncha imeliwa upande wa kulia, madini ya chini yachungulia,
manjano, kama goti kwenye suruali ya mtoto.
"Alitumia shoto?"
Anacheka. "Uji! Miaka hamsini, sufuria ileile.
Na mchana alisugua vijiko kiwandani,
masizi mpaka kwenye meno."

Mwenye kiwanda aligonga jina lake.
Msuguaji hakupewa nyundo.

Namtajia bei: pauni mbili.
Anakifunga tena katika gazeti, polepole,
kana kwamba nimesema elfu,
anakitia kifuani,
anausahau mwavuli.