Mizani

Karatasi ya kazi ilisema: kilo tatu, isizidi.
Mwalimu Ngeleja akaisoma mara mbili,
akaondoka na kikombe chake cha chai.

Tulikuwa wanne. Shija akachukua nyaya,
Nyanzobe hesabu za mkono na uendeshaji,
Bahebe akasema yeye atalehemu,
na mimi, niliyechelewa kwa ajili ya mvua,
nikaachiwa mizani.

Sekondari mizani ilikuwa silabi,
nane huku, nane kule.
Hii ilikuwa ya gramu, haikuwa na kina cha kujifichia.

Ya chuo ilikufa tangu mwaka juzi.
Nikashuka Mwaloni kwa mama mdogo,
nikaazima ile anayopimia dagaa wa pakiti.
Akasema: Irudi Jumatatu. Na msiizoeze uongo.

Makoroboi tulipata mota ya waipa
ya Fuso lililopinduka Usagara.
Fundi alianza na elfu kumi na tano, akaishia nane.
Magurudumu tukayakata kwenye kandambili,
moja la bluu, matatu ya kijani.
Tukaiita Furu:
sangara aliwala karibu wote,
na bado wapo, huko chini kwenye mawe.

Kilo tatu na gramu mia moja arobaini.

Tukatoboa bati. Tukatoboa tena,
mpaka mkono ukawa chekecheke.
Tukafupisha skrubu, tukakwangua rangi,
tukabandua hata jina.
Umeme ulipokatika, Bahebe alipasha chuma kwenye jiko la mkaa,
akipuliza, akilaani,
na kule ziwani taa za wavua dagaa
zikituzidi mwanga.
Saa tisa usiku: tatu, na gramu mbili.
Nikapuliza. Ulikuwa unga wa bati.
Tatu.

Jumamosi. Nyanya kumi, zivuke ukuta wa mbao
bila kupasuka. Filimbi ikalia,
na Furu akarudi nyuma,
taratibu, kwa adabu zote,
kama mkwe aliyemkuta mama mkwe njiani.
Shija akashika kichwa:
chanya na hasi, gizani, jamani!
Kugusa hairuhusiwi.
Nyanzobe hakusema neno.
Akaigeuza rimoti juu chini mikononi mwake,
na mbele ikawa mbele.

Nne zilivuka. Ya tano ilipasuka,
maji yake yakaingia kwenye saketi,
tukanusa moshi kabla hatujauona.
Wa sita, kati ya kumi na moja.
Ngeleja aliandika kitu, hakutuonyesha.

Jumatatu nikairudisha, nimeifuta.
Mama mdogo alikuwa na mteja.
Akaiwasha palepale, akamimina dagaa,
namba zikapanda, zikasita, zikasimama:
moja kamili.
Halafu akachota konzi nyingine, akaitupia juu,
bila kutazama namba,
akafunga mfuko.