Mwache Huyo wa Kulia

Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri,
tunakutana uani kwa Bi Tunu, Magomeni Mikumi,
nyuma ya mashine yake ya kusaga.
Unga umetutangulia: juu ya viti, juu ya meza,
juu ya lenzi ya Shomvi, anayeipuliza
kama mtu apulizaye uji.

Hakuna kati yetu anayekula kwa kamera.
Shomvi anatengeneza friji.
Hosiana anasahihisha madaftari ya darasa la nne.
Lusajo husoma mita za maji nyumba kwa nyumba,
huku anafukuzwa na mbwa, kule anakaribishwa chai.
Mimi nauza dawa Manzese,
nawajua watu kwa vidole kuliko kwa nyuso.

Sheria ni mbili: picha isafishwe, ishikike mkononi;
na isiwe ya harusi.
"Za harusi zina wenyewe," husema Bi Tunu.

Hosiana kaleta viti, kama kawaida yake.
Mwaka wa pili huu anapiga viti tu:
cha plastiki kilichoshonwa kwa waya,
kisicho na mguu, kimeegemezwa ukutani
kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.
"Mbona hakuna aliyekaa?" Shomvi akauliza.
"Wamenyanyuka sasa hivi. Gusa, bado kuna joto."
Na Shomvi, mtu mzima, akagusa karatasi.

Yeye kaleta dimbwi.
Dimbwi la Kigogo, mvua imekatika, na ndani yake
nguzo ya umeme imepinduka, nyaya zimekuwa mizizi.
Tukabishana nusu saa ipi juu, ipi chini.
Bi Tunu akaigeuza, akaigeuza tena.
"Mimi naona maji machafu," akasema.
Halafu: "Lakini nimeyaangalia."

Ndipo Lusajo akatoa yake.
Kibanda cha kinyozi, Tandika, Jumanne asubuhi.
Kioo kimepasuka pembeni, ufa umelidaka jua
na kulitupa shingoni mwa kinyozi.
Kimya. Kisha wote kwa pamoja:
jua lile! ulilivizia? ulibahatisha?
"Nilikuwa natafuta mita," akasema Lusajo.

Shomvi akafunika upande wa kulia kwa kiganja.
"Kata hapa. Huyu anayesubiri zamu anaharibu,
jicho linamkimbilia bure."
Hosiana akaafiki. Bi Tunu akaenda kuleta mkasi.

Kiganja kilipoondoka nikamwona:
shati la mistari nililolipiga pasi mwenyewe,
goti lisilotulia, hata pichani limetoka ukungu,
simu sikioni.
Mwinshehe, kaka yangu,
aliyeko Mwanza.
Aliyeko Mwanza tangu baada ya Idi,
aliyenipigia Jumanne hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo,
akasema ziwa limechafuka, nimsalimie mama.
Yaelekea upande wa pili wa simu ile
nilikuwa mimi.

Watu walikuwa wanajadili mwanga.
Nami nikajadili mwanga.
Nikasema ufa ule unataka mahali pa kuangukia,
nikasema picha ikibanwa itakosa pumzi,
maneno ya Hosiana yote, nimeyaazima bila kuomba.
Nikasema, "Mwache. Mwache huyo wa kulia."

Lusajo akanitazama, mkasi umeachama.
"Umeona nini?"
"Anasubiri. Kinyozi asiye na wa kumsubiri
si anafunga duka?"

Wakacheka. Picha ikabaki nzima.
Magharibi ilipoadhiniwa akanipa mkononi:
"Chukua, maana umeitetea kama ndugu."

Naihifadhi dukani, ndani ya daftari la madeni.
Jana kapiga simu. Nikamuuliza hali ya ziwa.
Akasema limetulia.
Nikalifungua daftari, nikaliangalia lile goti,
nikamuuliza huko Mwanza
kunyoa siku hizi ni shilingi ngapi.

Akanyamaza kidogo,
kama mtu aliyesikia kamera
ikilia nyuma yake.