Kabla ya Pindo

Awuor hunitungia uzi bila kukosea.
Sindano namba tisa, tundu lake halionekani,
huileta hadi puani, ulimi nje,
mara uzi umepita.
Wateja wangu hapa Kibuye humsifu:
"Huyu ana macho!"
Mimi hunyamaza, nikakanyaga cherehani.

Maana mtoto huyohuyo akisimama mlangoni,
milima ya Nandi kwake ni moshi,
na baba yake akivuka barabara
ni shati tu linalotembea.

Wiki ishirini na tisa.
Gramu elfu moja mia moja na arobaini.
Nilimpima kwa futi yangu ya kushonea, wauguzi wakacheka:
sentimita thelathini na saba,
mkono wa blauzi, ule usiofika kiganja.

Mavyaa Dorsila anasema ni cherehani,
nilikanyaga mno na mimba.
Jirani anasema ni taa:
mtoto wa usiku wa manane, jina lenyewe lasema,
akalazwa mwezi mzima chini ya mwanga usiozimwa.
Mimi, kimoyomoyo, niliishuku oksijeni.
Ule mrija!
Umeme ulipopotea niliupigia magoti sakafuni
usikauke.
Kitu kilekile nilichokiombea.

Daktari Simatwa hakumtaja mkosaji.
Alichora jicho nyuma ya kadi ya kliniki:
huku mbele kioo kimepinda kupita kiasi,
lenzi nayo ni nene, imesogea.
Wiki zile za mwisho, gizani tumboni,
jicho lilikuwa bado linajitengeneza.
Mishipa ya nyuma ikaota ovyo, tukaichoma kwa leza
asipofuke,
na huenda leza nayo ina sehemu yake.
Kisha akaitazama miwani yangu:
"Na wewe, tangu lini?"
Tangu darasa la tatu.
"Basi. Lipi lilitangulia, hata sisi hatujui."

Nikamwambia, hiyo ni nguo
iliyotolewa cherehani kabla ya pindo.
Akafikiri.
"Karibu hivyo. Ila nguo hii bado inakua."

Tuliichukua miwani Alhamisi,
fremu ya kijani, kamba kisogoni.
Awuor akatazama ng'ambo, akatazama tena,
akaniuliza kama niliyemficha jambo:
"Kumbe wale watu wana nyuso?"

Siku hizi akitaka kutunga uzi huivua,
huilaza juu ya vipande vya kitenge,
huleta sindano puani,
ulimi nje.