Chenji

Lilikuja usiku, kura zikiwa bado zinahesabiwa,
likaegeshwa mbele ya kibanda changu,
hapa Mbale, hatua chache kutoka mnara wa saa.
Wanaliita mamba. Mto hakuna.
Ubavuni pake nduguye, washawasha, tumbo limejaa maji
yanayowasha kama upupu wa shambani kwa mama.

Siku tatu halikuunguruma.
Chuma chake kikashika moto, hata njugu zangu
zingekauka juu yake, kama ningethubutu.
Kuku wa Nambozo akaingia uvunguni, akataga.
Hakuna aliyekwenda kuliokota yai.

Siku ya nne, saa saba, jua la utosi,
kwenye tundu la kutolea mtutu
ikatoka noti ya elfu mbili,
imekunjwa mara nne, na nyuma yake vidole viwili.
"Mama, naomba ovakado."

Kiswahili mimi nilikijua kwa amri:
lala chini, toa kitambulisho, funga duka, funga mdomo.
Hili "naomba" sikujua lilikuwa linakaa wapi.

Ovakado haikupita.
Tundu lilipimwa kwa risasi, halikupimwa kwa tunda.
Nikaipasua, nikaikata vipande vyembamba
kama vya mtoto anayeota meno,
nikampa kimoja kimoja, na chumvi kidogo.
Nikamsikia akitafuna.
Chuma kinene vile, na nikamsikia akitafuna.
Jina? Anyanzo. Kwao? Arua, ng'ambo ya Nili.
Na humo ndani?
"Kama chungu kilichofunikwa, mama."
Sikuwa na chenji. Nikamwambia, kesho.

Kesho likaamka.
Kwanza moshi, halafu maji, halafu nyanya zangu
zikibingirika barabarani mbele ya watu,
zikiwashinda mbio.
Nililala juu ya kapu, macho yanawaka, ngozi inawaka,
nikahesabu matundu ya ubavuni: sita.
Sikujua ni lipi
lililokula mkononi mwangu.

Sasa limebaki doa la oili na maganda ya yai.
Ovakado zimeshuka bei.
Mia tano yake nimeifunga kwenye pindo la leso, fundo la peke yake,
haichanganyiki na pesa ya biashara.
Likipita gari lolote la chuma
nasimama, nimelishika fundo,
na wala sijui
kama nataka kumlipa
au kumdai.