Avoka

Kesho saa tatu, Nyawera, ghorofa ya pili,
mlango wenye kibao cha shaba.
Faida amenieleza mara tatu, kama anayemtuma mtoto dukani:
usichelewe, usilie,
saa yake moja ni bei ya kapu zima.

Kapu zima la avoka.
Hapa Bukavu tunda na mtu wa sheria huitwa kwa jina moja.
La kwanza nimeliuza Kadutu miaka kumi na minne,
nalibonyeza karibu na kikonyo, najua kama limeiva.
Huyu wa pili sijui anabonyezwa wapi.

Watoto wamelala. Umeme umerudi saa nne,
na umeme wetu haukai, basi nafanya haraka:
simu kwenye chaja, sare za shule chini ya pasi,
ndoa yangu mezani.

Karatasi ya komine, imekunjwa miaka yote
mpaka jina la Murhula limekatika katikati.
Kitabu cha familia: watoto wanne,
wa tatu ana tarehe mbili.
Risiti za karo, zote jina langu.
Hati ya kiwanja cha Panzi, jina lake peke yake,
ingawa mawe ya msingi niliyapandisha mimi kutoka mtoni
nikiwa na mimba ya Ashuza.
Mawe hayaandikwi popote.

Ng'ombe watatu walipelekwa kwetu, Walungu.
Mmoja alikufa, wawili walizaa.
Jana mama alinipigia, sauti chini:
"Watatudai na ndama?"
Hakuuliza kama nimekula.

Faida anasema Metre Balagizi ataanza na lini.
Ilianza lini?
Najaribu mbele ya kioo cha kabati, mgongo wima.
Tangu aliporudi kutoka Kamituga.
Uongo, hata kioo kinajua.
Tangu msiba.
Si uongo, ila sitaki mtoto wangu aitwe shahidi.
Alikupiga? Hapana.
Ana mwingine? Labda. Huyo hanisumbui,
ningekutana naye ningemuuliza tu
kama na yeye anahesabiwa vijiti vya kiberiti.

Basi nini, mama?

Basi hiki:
Jumanne moja nilishika chupa ya mafuta
nikaona mstari. Biki ya bluu.
Mfupi, umenyooka, na kando yake tarehe,
kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiniandikia barua.
Kesho yake, mstari wa pili, chini kidogo ya wa kwanza.
Sikusema kitu. Nilipika sambaza kwa maji,
akala, akasema ni nzuri.
Mistari ikafika kumi na mmoja
nami nikawa namimina huku nimeinamisha kichwa,
jicho sambamba na wino,
kama muuguzi anayepima dawa.
Nilizoea.
Nadhani ni hapo. Si siku aliyochora,
ni siku niliyozoea, na hiyo haina tarehe.

Faida alicheka hadi akashika ukuta:
"Usimwambie avoka habari za mafuta!"

Pete nimeitoa kwa sabuni.
Imechukua muda kuliko sherehe nzima ya komine.
Chini yake kidole kimekonda, kimepauka,
kama kitu kilichokaa chini ya jiwe.
Kisha nimeirudisha.
Sijui watu huenda nayo au bila.

Umeme umekatika.

Napanga mkoba kwa vidole:
karatasi, kitabu, hati, risiti,
kitambaa, maana nitalia, Faida anisamehe,
avoka mbili za leo, kesho zitakuwa zimelegea,
atakula au hatakula.
Na chini kabisa, ndani ya gazeti, ile chupa.
Kuna mafuta kidogo bado,
chini ya mstari wa mwisho.
Nimekaza kifuniko.
Nimelala, nimeamka, nimekikaza tena.