Upande wa Kulia

Usiku aliporudi kutoka Chenai
niliweka sikio kifuani pa Ndekirwa
kutafuta lile dundo nililolilalia miaka kumi na tisa.
Sikulikuta.
Ulikuwepo mvumo mwembamba, usiokatika,
kama nyuki aliyesahau kutua.

Muuguzi wa Kiboriloni alimshika kifundo cha mkono,
akabadili mkono, akarudia, akanitazama mimi.
"Mama, huyu hana mapigo."
Ndekirwa akamjibu, "Lakini nina njaa."

Nikamshonea kizibao cha kaki,
mifuko miwili ya betri, tundu la waya ubavuni,
nikalizungushia uzi kwa mkono
kama tundu la kifungo cha shati la harusi.
Umeme ukikatika, majirani hutafuta mishumaa.
Mimi huhesabu betri.

Mwaka wa kwanza picha ilitupa raha:
chumba cha kushoto, kilichotanuka kama gunia la kahawa,
kimeanza kunywea, kinarudi saizi yake.

Mwaka wa pili miguu ikavimba. Ndala zikakataa.
Daktari akachora nyuma ya bahasha:
mashine inasukuma, haichoki, haiulizi,
na kila kinachosukumwa lazima kirudi,
na wa kukipokea ni upande wa kulia,
ambao haukupewa msaidizi.
Nilimwelewa kabla hajamaliza.
Nami ni wa upande huo.

Mwaka wa tatu, mlango wa mshipa mkuu
ukaacha kufunguka. Damu ilishapata njia ya mkato.
Nikaukumbuka mfereji wa baba mkwe kule Kibosho:
bomba lilipokuja, hakuna aliyeufunga;
ulijaa majani tu, wenyewe, polepole,
mpaka watoto wakaruka juu yake bila kujua walichoruka.

Mwezi uliopita wakapunguza mwendo wa mashine, kidogo.
"Tuupe moyo kazi tuone," daktari alisema,
"ila mama, usianze kushangilia."

Sijashangilia.
Jana tu, saa tisa usiku, sikio pale pale:
mvumo, na chini ya mvumo
tu.
Kimya kirefu.
Tu.
Dhaifu, kama mgeni anayebisha
akihofia kuwa amekosea nyumba.

Sikumwamsha.
Nilipofika kumi na saba umeme ukakatika.
Nikabadili betri gizani, moja baada ya nyingine,
nikalaza sikio tena,
nikaanza moja.